Kusoma rangi kwenye meno ya difu

Difu, yaani gia za ekseli zinazopeleka nguvu ya injini kwenye tairi, ikilia baada ya kufunguliwa na kufungwa upya, mara nyingi haina ubovu wa spea. Krauni mpya (gia kubwa ya duara), pinioni mpya (gia ndogo inayoizungusha), beringi mpya, oili mpya, na bado gari ikifika kilomita 60 kwa saa inaanza kuimba. Muulize aliyeifunga alipimaje, atakuonyesha kwa mkono: alishika krauni, akaitikisa, akasikia mchezo kidogo, akaridhika. Mchezo huo ndio plei, na lazima uwepo. Tatizo ni kwamba plei sahihi unaweza kuipata hata kama pinioni imekaa mahali pasipo pake. Plei inakuambia meno yameachana kiasi gani. Yanakutana wapi, hilo utaambiwa na rangi unayoipaka kwenye meno peke yake.

Nitafuata difu ya nyuma ya Toyota Hilux, ile ya krauni ya inchi 8, kwa sababu kichwa chake chote kinatoka kwa mbele ukishavuta hafushafti mbili (vyuma vinavyozungusha tairi) na kufungua propela (shafti inayotoka gia boksi), na kazi yote unaifanya mezani badala ya kulala chini ya gari. Namba nitakazotaja ni za difu hiyo yenye spesa ya kubonyea, yaani bomba fupi la chuma kati ya beringi mbili za pinioni linalobonyea nati ikikazwa. Kwa gari nyingine mantiki ni ileile ila namba zitoke kwenye kitabu chake.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha ni difu kweli. Mlio unaokuja ukikanyaga mafuta na kupungua ukiachia unaelekea kwenye upande wa meno unaosukuma gari mbele. Ukija pale unapoachia mafuta tu, shuku kwanza beringi za pinioni zilizolegea, kwa sababu pinioni inavutwa mbele na kurudi. Ngurumo isiyojali mguu wako uko wapi, ila inabadilika ukikata kona kwa kasi, hiyo ni beringi ya tairi. Kishindo kimoja unapoingiza gia kinaweza kuwa krosi ya propela tu, na krosi ni kazi ya saa moja. Kugonga kwenye kona kali kunatoka kwenye gia ndogo za ndani, zile spaida, na hizo hazihusiani na rangi.

Jambo jingine, na hapa wengi watabisha: difu iliyolika hairekebishiki kwa kusogeza gia. Krauni na pinioni zilizotembea pamoja kilomita laki mbili zimeshachongana, kila uso wa jino umepata umbo la mwenzake. Ukizisogeza ili rangi ipendeze kama ya gia mpya, unakutanisha nyuso ambazo hazijawahi kukutana, na mlio utaongezeka. Ukibadilisha beringi kwenye gia za zamani, lengo ni kuzirudisha pale pale zilipokuwa: pima plei yake kabla ya kubomoa, piga rangi kabla ya kubomoa, piga picha kwa simu, halafu funga upya ukifuata picha hiyo. Kutafuta rangi nzuri ni kazi ya seti mpya, au ya seti nzuri inayohamishiwa kwenye hausingi (kasha la difu) nyingine.

Na iwe seti. Krauni na pinioni husuguliwa pamoja kiwandani na hupewa namba inayofanana. Ukiona namba za kwenye uso wa pinioni na ubavuni mwa krauni hazioani, rudisha dukani, hata kama muuzaji wa mtumba anaapa kwamba meno ni 41 kwa 10 na 41 kwa 10. Uwiano ni sawa, ndoa si sawa.

Kubomoa kwa alama

Kofia mbili za beringi za pembeni hazibadilishani. Zilitobolewa zikiwa zimefungwa mahali pake, kwa hiyo ya kushoto ikienda kulia, beringi itakaa mshazari. Piga senta panchi: nukta moja kwenye kofia ya kushoto na moja kwenye hausingi jirani yake, nukta mbili mbili upande wa pili. Vikombe vya nje vya beringi navyo visichanganywe, na nati za kurekebishia za pembeni zirudi kila moja kwake.

Krauni inashikwa na bolti 10 zenye sahani za kufungia. Legeza kwa kuvuka upande hadi upande, kisha igonge taratibu kuzunguka kwa nyundo ya shaba au ya plastiki. Wakati wa kurudisha mpya, usiilazimishe kwa bolti. Itumbukize kwenye maji yanayochemka dakika kadhaa, ifute maji haraka, ivalishe ikiwa ya moto kwa kuongozwa na bolti mbili za kuelekeza, nayo itateleza hadi chini. Ikishapoa ndipo bolti zikazwe kwa hatua, mwisho 97 Nm kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Kabla ya kuivalisha pitisha jiwe laini kwenye uso inapokalia. Kipande cha uchafu kisichoonekana kwa macho kinaifanya krauni iyumbe, na yumba ikizidi 0.07 mm hakuna shimu (washa ya kurekebishia kina cha pinioni) duniani itakayokupa rangi inayofanana pande zote.

Kina cha pinioni

Hapa ndipo penye kazi. Kati ya kichwa cha pinioni na beringi yake kubwa ya ndani kuna washa ngumu iliyosagwa kwa kipimo, ambayo mafundi wanaiita shimu. Kwa Toyota zinauzwa zikipishana 0.03 mm. Shimu nene zaidi inasukuma kichwa cha pinioni ndani, karibu na kitovu cha krauni, na nyembamba inakirudisha nje. Ukibadilisha gia, anza na shimu ileile iliyotoka. Mara nyingi itakuweka karibu, kwa sababu tofauti kubwa iko kwenye hausingi na hausingi haijabadilika.

Taabu ni kwamba kila jaribio la shimu linataka beringi itolewe kwenye pinioni kwa presi, na beringi mpya haivumilii kung'olewa mara nne. Dawa yake ni beringi ya kujaribia. Chukua beringi ya zamani ya namba ileile isiyo na mikwaruzo, safisha tundu lake la ndani kwa msasa wa silinda hadi iingie na kutoka kwa mkono bila kucheza. Sugua tundu tu, uso wa chini usiuguse kabisa. Kisha linganisha urefu wa beringi hiyo na ile mpya kwa maikromita, na ukikuta zinapishana, tofauti hiyo iingize kwenye hesabu ya shimu ya mwisho. Fundi mwenye beringi ya kujaribia anamaliza majaribio matano mchana mmoja. Asiye nayo anajaribu mara moja na kusema "inatosha".

Kwenye majaribio usiweke spesa ya kubonyea wala sili. Weka pinioni, beringi ya nje, flanji (sahani propela inapofungwa) na nati, kisha kaza nati kidogo kidogo huku ukizungusha flanji, hadi beringi ziwe na mkazo. Bila spesa mkazo unakuja ghafla, digrii chache tu za kuzungusha nati, kwa hiyo usirefushe spana kwa bomba.

Mkazo wa beringi unapimwa kwa nguvu inayohitajika kuianzisha pinioni kuzunguka ikiwa peke yake, bila krauni. Kwa beringi zilizotumika ni kilo-sentimita 9 hadi 13, kwa beringi mpya 19 hadi 26. Toki renchi ndogo ya kupima hivyo haipatikani kila gereji, lakini mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, ipo kila soko. Zungushia uzi imara kwenye duara la flanji mara tatu nne, pima kutoka katikati ya pinioni hadi uzi ulipo, halafu vuta uzi kwa mizani polepole na usome pale flanji inapoanza kutembea. Gawa kipimo cha kitabu kwa nusukipenyo. Uzi ukiwa sentimita 5 kutoka katikati, beringi mpya zinataka kilo 3.8 hadi 5.2, zilizotumika kilo 1.8 hadi 2.6. Vuta mara kadhaa uchukue wastani, na zungusha pinioni kwanza ili beringi zijikalishe. Mizani ya kidijitali ni bora, ya springi inafaa ukishaijaribu kwa mfuko wa sukari wa kilo 2.

Plei

Weka krauni na beringi zake za pembeni, funga kofia kwa alama zako, bolti za kofia ziguse tu. Kaza nati ya pembeni upande wa nyuma ya krauni hadi plei ibaki kama 0.2 mm, fuata ya upande wa pili hadi iguse beringi, kisha ongeza tundu moja au moja na nusu, kati ya matundu yaliyo kwenye duara la nati, kuipa mkazo. Kuanzia hapo unahamisha krauni kwa kulegeza upande mmoja tundu moja na kukaza mwingine tundu moja. Zikienda sawa, mkazo wa beringi haubadiliki na kinachohama ni krauni tu. Malizia kila mara kwa kukaza, usimalizie kwa kulegeza, la sivyo nati inabaki haijaegemea kitu.

Plei inayotakiwa ni 0.13 hadi 0.18 mm. Karatasi moja ya fotokopi ina unene wa karibu 0.1 mm, kwa hiyo anayepima kwa kutikisa anadai vidole vyake vinatofautisha karatasi moja na nusu na karatasi mbili. Tumia geji ya saa yenye kitako cha sumaku. Ncha yake iguse jino karibu na mwisho wa nje wa krauni, ikielekea mraba na uso wa jino, kwa sababu ikiwa mshazari inakusomea namba isiyo sahihi. Shikilia pinioni isisogee hata kidogo, tikisa krauni mbele na nyuma, soma. Fanya hivyo sehemu nne za duara. Zikitofautiana zaidi ya 0.05 mm, krauni inayumba: rudi kwenye uso wake kutafuta uchafu au bolti isiyokazwa sawa. Kaza kofia kwa 78 Nm na upime tena, maana kukaza huko kunahamisha namba. Gari ya mizigo iweke karibu na 0.18 kuliko 0.13, kwani gia zikipata joto zinavimba na nafasi inapungua.

Kupaka

Vitabu vya zamani vinataja risasi nyekundu, ambayo ni sumu na hakuna sababu ya kuitafuta. Rangi ya njano ya mafuta inayouzwa kwenye kitubu kidogo kwa wachoraji, iliyochanganywa na matone machache ya oili ya gia hadi iwe nzito kama dawa ya meno, inafanya kazi vizuri. Njano huonekana kwenye chuma. Bluu ya mafundi mitambo ni nzuri kwa kupima bapa lakini kwenye jino jeusi inakuchosha macho. Grisi peke yake haifai, inatapakaa kila mahali na kukupa picha kubwa kuliko ukweli.

Safisha meno kwa petroli na yakauke. Paka meno manne mfululizo pande zote mbili kwa brashi fupi, safu nyembamba, halafu ruka theluthi ya duara upake manne mengine, na tena. Sasa kitu kinachosahaulika: lazima krauni iwe na mzigo. Ikizunguka bure, meno yanagusana kama watu wanaopeana salamu za mbali na picha haitokei. Mtu mmoja abane krauni kwa kipande cha mbao laini au tambara nene, wewe zungusha pinioni kwa spana kwenye nati yake, mbele hadi meno yaliyopakwa yapite, halafu nyuma, mara nne au tano kila upande. Pale meno yalipogusana rangi itasukumwa na chuma kitaonekana, na kuzunguka alama hiyo kutakuwa na ukingo wa rangi iliyorundikana. Alama ndiyo unayoisoma, ukingo uache.

Jino la krauni lina pande mbili. Uliobinuka, tuuite mgongo, ndio unaosukumwa gari ikienda mbele. Uliobonyea kama kiganja unafanya kazi ukiachia mafuta. Mwisho wa nje wa jino, ulio mpana, ni kisigino. Wa ndani, mwembamba, ni kidole. Juu ni ncha, chini ni ufizi.

Alama nzuri iko katikati kati ya ncha na ufizi, ina umbo la yai refu lisilogusa ukingo wowote, na upande wa mgongo inaegemea kidogo kwenye kidole. Hiyo kuegemea ni makusudi. Chini ya mzigo wa kweli, mlima na tani moja ya mahindi, hausingi na pinioni vinajipinda kidogo na mguso unatanuka kuelekea kisigino. Ukiuweka kwenye kisigino tangu mezani, barabarani utaishia ukingoni na jino litamegeka pembe.

Kusoma kwenyewe kunawapotosha watu kwa sababu wanaangalia upande mmoja. Angalia mgongo na kiganja kwa pamoja. Alama ikiwa juu kwenye ncha pande zote, pinioni iko mbali, weka shimu nene. Ikiwa chini ufizini pande zote, pinioni imezama sana, weka nyembamba. Sasa kwa urefu wa jino: mgongo ukiwa kwenye kidole na kiganja kwenye kisigino, yaani zinakimbiana, pinioni imezama. Mgongo kwenye kisigino na kiganja kwenye kidole, pinioni iko nje mno. Lakini zote mbili zikiwa upande mmoja wa jino, shida ni mahali krauni ilipo: zote kwenye kidole, isogeze krauni mbali na pinioni, zote kwenye kisigino, isogeze karibu, ilimradi plei ibaki ndani ya 0.13 na 0.18. Zikikimbiana gusa shimu, zikifuatana gusa krauni. Ncha na ufizi vina sauti kubwa kuliko kidole na kisigino, kwa hiyo anza na kina, na mara nyingi ukishakipata kile kingine kinajiweka sawa.

Ukibadilisha shimu, plei nayo inabadilika. Pinioni ikienda ndani plei inapungua, itabidi krauni irudi nyuma kabla ya kupaka upya. Kupaka bila kurudisha plei ni kusoma picha ya difu ambayo haipo. Na jaribio la kwanza lisiwe la woga: hama kwa 0.09 au 0.15 mm ili uone alama imeenda upande gani, kisha rudi kwa hatua za 0.06 na mwisho 0.03. Andika kila mara kwenye karatasi unene wa shimu, plei, na mchoro wa alama pande mbili. Baada ya majaribio matatu kichwa hakikumbuki.

Kufunga mara ya mwisho

Shimu ikijulikana, beringi mpya ipigwe presi kwenye pinioni ikisukumwa kwenye ringi ya ndani tu. Weka spesa mpya ya kubonyea, beringi ya nje, sahani ya oili, sili mpya iliyopakwa grisi mdomoni, flanji, na nati mpya. Sasa nati itakuwa ngumu kweli. Haianzi kuibonyeza spesa chini ya kama 108 Nm, na isizidi 235 Nm. Inahitaji mpini mrefu, flanji ikishikiliwa na chuma kilichofungwa kwenye matundu mawili ya bolti zake. Beringi zikishaacha kucheza, nenda digrii 5 hadi 10 tu kwa mara moja, zungusha, vuta mizani. Kutoka kilo 2 hadi kilo 5 kwenye mizani kunaweza kuwa mguso mmoja wa spana.

Ukipitiliza, usilegeze nati. Spesa ikishabonyea hairudi, ukilegeza beringi zinabaki bila mshiko na pinioni itaanza kutembea. Toa, weka spesa nyingine, anza upya. Nunua mbili tangu mwanzo. Kosa hilihili ndilo linaloua difu nzima zinazopelekwa kubadilishwa sili tu: nati inafunguliwa, sili inawekwa, nati inarudishwa kwa bomba la mita moja "ili isilegee", beringi zinakazwa kupita kiasi na baada ya wiki chache zinachubuka. Kama ni sili tu, pima mkazo kwa mizani kabla ya kufungua na urudi pale pale, au weka spesa mpya.

Krauni ikirudi, mkazo wa jumla unaopimwa kwenye flanji uongezeke kilo-sentimita 4 hadi 6 juu ya ule wa pinioni peke yake. Ukiongezeka chini ya hapo nati za pembeni zimelegea. Pima plei mara ya mwisho, paka rangi mara ya mwisho ukiwa na beringi halisi, kisha funga vikomeo vya nati za pembeni, kunja sahani za bolti za krauni na ugongee ukingo wa nati ya pinioni kwenye mfereji wake.

Oili iwe ya daraja la GL-5, kwa kawaida 80W-90, ijazwe hadi iguse ukingo wa chini wa tundu la kujazia gari ikiwa sawasawa. Meno ya difu hii hayabingiriki tu, yanatelezeana kwa urefu wa jino, na GL-4 ya gia boksi haina dawa ya kutosha kuhimili hilo. Hakikisha na pumzi ya difu, kitundu cha kutolea hewa juu ya hausingi, haijaziba tope, kwani ikiziba, hewa iliyopata joto inatafuta njia kwenye sili yako mpya.

Safari ya kwanza iwe kilomita 20 hadi 25 bila mzigo wala haraka, kisha acha gari ipoe nusu saa kabisa. Gia mpya zinatoa joto jingi zinapojisugua, na joto la siku ya kwanza likizidi linaunguza uso wa jino. Mizigo mizito na kuvuta trela visubiri kilomita 800, na hapo mwaga oili. Kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia utakuta uji wa kijivu laini kama masizi ya sufuria, huo ni wa kawaida kwa gia mpya. Ukiusugua kati ya vidole na ukahisi vipande vyenye kingo, usijaze oili mpya. Vuta hafushafti upige rangi tena.